Santuri Ndogo Husomwa Pembeni mwa Lebo

Oktoba 2012 kampuni ya EMI ilitoa upya “Love Me Do” ya Beatles, kuadhimisha miaka 50 tangu santuri hiyo ilipoingia sokoni tarehe 5 Oktoba 1962. Lebo ilikuwa nyekundu kama ile ya kwanza, na namba ilikuwa ileile, R 4949. Haikupita muda ikaamriwa irudishwe, kwa sababu rekodi iliyowekwa ndani haikuwa ile ya santuri ya 1962. Nakala chache zilikuwa zimeshaponyoka, na leo wakusanyaji wanazisaka.

Kosa lenyewe lina historia. Beatles waliurekodi wimbo huo mara mbili ndani ya Septemba 1962. Tarehe 4 Ringo Starr alipiga ngoma. Tarehe 11 aliletwa mpigaji wa kukodi, Andy White, na Ringo akapewa tari. Santuri ya Oktoba ilibeba rekodi ya Ringo. Albamu ya 1963 ikabeba ya Andy White. Sikio ndilo linalotenganisha: ukisikia tari linalia, hiyo si rekodi ya santuri ya kwanza, hata lebo iwe nyekundu kiasi gani.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu wengi wetu huku Uingereza tunarithi maboksi ya santuri za wazee, au tunaziokota kwenye maduka ya mitumba, kisha tunatazama picha na lebo tukaishia hapo. Penye habari hasa ni ule ukanda laini usio na muziki, kati ya mwisho wa wimbo na lebo. Ishike santuri kwa kingo, iinamishe chini ya taa, na utaona herufi na tarakimu zilizochongwa au kugongwa. Upande A wa “Love Me Do” una 7XCE 17144-1N. Hiyo ndiyo namba ya rekodi yenyewe, nayo ni tofauti na namba ya mauzo iliyochapwa kwenye lebo.

EMI walikwenda mbali zaidi. Santuri hufyatuliwa kwa mabamba ya chuma, na bamba huchoka, hivyo hutengenezwa mengi kutoka kwenye bamba mama. Lebo ukiiona kama uso wa saa, huku ile namba ya rekodi ikiwa penye tarakimu 6, basi penye tarakimu 9 kuna namba ya bamba mama, na penye tarakimu 3 kuna herufi za bamba lililofyatua nakala yako. Herufi hizo hufuata GRAMOPHLTD, yaani jina la kampuni ya zamani ya Gramophone: G ni 1, R ni 2, A ni 3, hivyo hivyo hadi D ambayo ni 0. Ukikuta GA, umeshika nakala ya bamba la 13. Mimi hiyo naiamini kuliko maneno ya muuzaji yeyote.

Lebo nayo ina yake. Nakala za majaribio za “Love Me Do”, takriban 250 zilizopelekwa redioni na kwa waandishi, zina lebo nyeupe yenye herufi A kubwa nyekundu, na jina la McCartney limekosewa: McArtney. Mfuko ndio shahidi dhaifu kuliko wote. Uingereza ya 1962 santuri ya nyimbo mbili iliuzwa kwenye mfuko wa karatasi wa kampuni, wenye tundu la kuonyesha lebo. Mfuko wa picha kwa kawaida ulitoka nchi nyingine za Ulaya, au ni toleo la baadaye. Tena mifuko huhama kutoka santuri moja hadi nyingine bila mtu kukusudia.

Santuri za kwetu zina ugumu wake. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, hivyo bendi zake zilitegemea Nairobi, na huko bendi moja iliweza kutoka kwa majina tofauti. Vijana Jazz ya Dar es Salaam ilitoka pia kwa jina la Koka Koka Sex Battalion. Wimbo mrefu ulikatwa sehemu ya 1 na sehemu ya 2, kila moja upande wake. Mwaka mara nyingi haukuandikwa popote kwenye lebo, na mifuko mingi ilikuwa ya kampuni tu, isiyo na picha wala jina la bendi. Kwa hiyo namba za ukandani, muhuri wa duka, hata jina la mwenye santuri lililoandikwa kwa kalamu, vyote ni ushahidi.

Ndugu msomaji, kabla hujauza boksi la mzee kwa bei ya jumla, piga picha lebo za pande zote mbili pamoja na ukanda ule. Usifute mihuri, usibandue stika, na kila santuri iache ndani ya mfuko uliokuwa nao. Na kama mzee yupo, muulize leo alizinunua duka gani na mwaka gani, kisha uandike.