Ulaya Inaanzia Nyegezi

Tanzania na Ulaya zinapakana Nyegezi. Ramani haioneshi hivyo, na abiria anayeshuka stendi akitafuta basi la Bukoba hatakutana na kizuizi wala mtu wa kumgongea muhuri kwenye pasipoti. Lakini hapa, kusini mwa katikati ya jiji la Mwanza, kwenye eneo lenye chuo cha uvuvi kinachoendeshwa na wakala wa elimu na mafunzo ya uvuvi, FETA, ipo Maabara ya Taifa ya Udhibiti wa Ubora wa Samaki. Sampuli za minofu ya sangara, pamoja na maji na barafu ya viwandani, huletwa kupimwa bakteria, mabaki ya sumu na madini mazito. Majibu yakiwa mabaya, mzigo hauna safari. Yakiwa mazuri, mnofu uliokatwa Igogo usiku unaweza kuwa dukani Madrid kabla wiki haijaisha. Ofisa wa forodha wa kule ana kazi yake, ila swali gumu limeshajibiwa huku, na Watanzania, kando ya ziwa.

Anayetaka kuelewa biashara ya kimataifa aanze na majibu yanayotoka kwenye jengo hilo, kwa sababu nchi inayouza nje hupita milango miwili. Wa kwanza ni ushuru, yaani kodi anayotozwa mnunuzi kwa kuwa bidhaa imetoka nje. Wa pili ni viwango: usafi, vipimo, lebo, karatasi. Siasa na vichwa vya habari hukaa kwenye mlango wa kwanza. Riziki ya mvuvi wa Ziwa Victoria imeamuliwa zaidi na wa pili.

Kwenye ushuru Tanzania haina la kulalamika sana. Tangu 2001 Umoja wa Ulaya huziruhusu nchi zilizo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi maskini kabisa kuingiza karibu kila kitu bila ushuru na bila kikomo cha kiasi, isipokuwa silaha na risasi. Tanzania imo kwenye orodha hiyo. Kenya haimo, na ndiyo maana mwaka 2016, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipotakiwa kutia saini mkataba wa ubia wa kiuchumi na Ulaya, Kenya ilikimbilia kalamu na Tanzania ikaiweka chini. Wengi walisema ni ukaidi wa Dar es Salaam. Mimi naona hesabu ilikuwa wazi: Kenya ilikuwa na ushuru wa kuogopa, sisi hatukuwa nao, na viwanda vyetu vichanga vingefunguliwa kwa bidhaa za Ulaya ili tupewe kitu ambacho tayari tunacho mkononi. Kenya baadaye ilisaini peke yake, na mkataba wake ukaanza kutumika Julai 2024.

Kuna kichekesho kimoja hapo. Benki ya Dunia ilitupandisha daraja la uchumi wa kati wa chini Julai 2020, tukashangilia, lakini orodha ya Umoja wa Mataifa ni nyingine na hutazama pia elimu, afya na jinsi uchumi unavyoyumba. Siku tutakayotoka kwenye orodha hiyo tutapongezwa, na baada ya muda wa mpito tutaanza kuhesabiwa ushuru kama wengine.

Turudi kwenye mlango wa pili. Kati ya 1997 na 1999 Ulaya iliwafungia samaki wa Ziwa Victoria mara tatu. Kwanza Hispania na Italia zililalamikia bakteria wa salmonela. Ikafuata kipindupindu: kuelekea 1998, mvua za El Niño zikiwa zimeleta mafuriko, ugonjwa ulienea Afrika Mashariki na Brussels ikazuia samaki wetu wabichi, ingawa Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hatari ya kuugua kwa chakula kinachotoka nchi hizo ilikuwa ndogo. Mara ya tatu, mwaka 1999, zilitoka habari, hasa upande wa Uganda, za watu kuvua kwa kumwaga majini dawa za kuulia wadudu. Mlango ukafungwa kwa nchi zote tatu za ziwa, na Kenya ikakaa nje muda mrefu kuliko wenzake.

Mvuvi wa Ukerewe ambaye hajawahi kushika chupa ya sumu alijikuta ameadhibiwa pamoja na aliyeshika. Viwanda vilipunguza ununuzi au kusimama kabisa, boti za kukusanyia samaki zikaegeshwa, na kwa kuwa sangara hangoji wanasheria, bei ya mwaloni, samaki wanaposhushwa, ikaporomoka. Ndipo watu wengi walipoona kwa mara ya kwanza maana ya kutegemea soko moja. Wachumi huiita hatari ya kukosa mseto wa masoko. Kwenye mwalo ilikuwa ni wakala wa kiwanda kutopokea simu, kwa wachache waliokuwa na simu wakati huo.

Marufuku ya kipindupindu ilikuwa na harufu ya woga kuliko sayansi, na sitaki kuitetea. Hata hivyo, vitisho vile vilizaa vitu ambavyo miaka 30 ya hotuba haikuvizaa: wakaguzi wenye mamlaka ya kisheria, maji safi na barafu kwenye mialo iliyoteuliwa, viwanda vinavyoandika kila hatua ya samaki tangu anaposhushwa, na maabara ya Nyegezi, ambayo leo ina ithibati ya kiwango cha kimataifa cha ISO 17025. Nchi isiyoweza kupima bidhaa yake husubiri mnunuzi aipime, na mnunuzi akipima yeye, bei anapanga yeye. Hilo ndilo somo la sangara ninaloliweka juu ya mengine yote.

Vitabu vya uchumi huanzia mbali zaidi. Mwaka 1817 Mwingereza David Ricardo alitoa mfano wa nguo za Uingereza na divai ya Ureno: kila nchi ishike kile inachokifanya kwa hasara ndogo kuliko vingine, kisha wabadilishane, wote watapata zaidi. Hoja hiyo ina nguvu na haijafa. Lakini msomaji wake hubaki na picha ya neema iliyoshuka kutoka mbinguni, zabibu huku, pamba kule. Sangara anaivunja picha hiyo, maana hakuwa wa ziwa hili. Alipandikizwa miaka ya 1950 upande wa Uganda, akitolewa Ziwa Albert, na kwa muda mrefu hakuonekana sana. Miaka ya 1980 akalipuka, akala karibu kila kilichokuwa mbele yake.

Kilichokuwa mbele yake ni furu, samaki wadogo wa mamia ya aina ambao wengi hawapatikani popote pengine duniani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kuwachunguza kwenye Ghuba ya Mwanza mwaka 1977, na waliokuja kuorodhesha uhai wakajikuta wanaorodhesha kutoweka. Katikati ya miaka ya 1970 Mwanza ilikuwa hata imejenga kiwanda cha kusaga furu kuwa chakula cha mifugo. Miaka michache baadaye malighafi yenyewe iliingia tumboni mwa mgeni. Gharama ya namna hiyo haiandikwi kwenye ankara inayokwenda Rotterdam. Takwimu za mauzo ya nje zinahesabu dola zilizoingia na kukaa kimya kuhusu kilicholiwa ili zipatikane.

Kabla ya sangara, jina la Mwanza kwenye soko la dunia lilikuwa pamba. Reli ilipofika hapa kutoka Tabora mwaka 1928, mzigo mkubwa iliokuja kuufuata ulikuwa huo. Mwaka 1955 wakulima wa Usukuma, wakiongozwa na Paul Bomani, waliunganisha vyama vyao kuwa shirikisho la ushirika ambalo baadaye lilitajwa kuwa kubwa kuliko yote Afrika. Waliweza kumwondoa mlanguzi wa mizani ya uongo. Hawakuweza kuiondoa bei ya soko la pamba la Liverpool. Miaka mitano kabla ya shirikisho hilo, Raúl Prebisch wa Argentina na Hans Singer walikuwa wameandika, kila mmoja kivyake, kwamba bei za mazao ghafi huelekea kushuka zikilinganishwa na bei za mashine. Mwalimu Nyerere alilieleza jambo hilohilo kwa trekta na tani za mkonge: trekta ni lile lile, tani za kulinunulia zinaongezeka kila mwaka.

Sangara ana mlinganyo wake wa trekta. Nyavu nyingi na injini za boti hutoka Asia, mafuta ya injini hutoka Ghuba ya Uajemi, na vyote hulipwa kwa dola zilezile alizozileta sangara. Shilingi ikishuka, mwenye kiwanda anapata shilingi nyingi zaidi kwa dola moja, nalo ni jambo jema kwake, lakini petroli ya mvuvi inapanda wiki hiyohiyo. Ndiyo maana habari kwamba “sarafu dhaifu husaidia wauzaji wa nje” ipokewe kwa tahadhari mwaloni. Inamsaidia muuzaji yupi?

Njiani mgao huwa hivi. Mvuvi mara nyingi hana boti yake. Ana nguvu zake na fungu la mauzo baada ya gharama kutolewa. Mwenye boti naye amekopeshwa nyavu au injini na wakala, na deni hilo linamfunga kumuuzia wakala huyo kwa bei ya wakala. Wakala ana mkataba na kiwanda. Akisema bei ya kiwandani imeshuka, hakuna mwaloni mwenye njia ya kubisha. Kisha kuna usafiri. Zamani ndege kubwa za mizigo za Kirusi zilitua Mwanza na kuondoka na minofu. Baadaye, kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya minofu mibichi imepandishwa malori ya jokofu hadi Nairobi ili ipande ndege huko. Tozo za uwanja, kazi ya kupakia, na wakati mwingine hata sifa ya bidhaa, vimebaki Kenya. Juni 2023 Air Tanzania ilipokea Boeing 767 ya mizigo yenye uwezo wa tani 54, nikasikia watu wakiidhihaki kuwa ni pambo. Ndege peke yake kweli haileti soko. Lakini kila anayepanga kubeba samaki mbichi anajua kuwa saa ndizo pesa, na njia ya Mwanza hadi Nairobi inazila kwa foleni za mpaka.

Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, Darwin's Nightmare, iliionesha dunia Mwanza ya mapanki, vichwa na mifupa inayobaki baada ya minofu kuondoka, na Rais Kikwete aliishutumu mwaka 2006 kwamba inaipaka nchi matope. Nilichokiona mimi kwenye ugomvi ule ni kwamba pande zote mbili zilimtazama mlaji wa panki kana kwamba ndiye swali lote. Panki ni chakula, lina soko lake na akina mama wanaosomesha watoto kwalo. Swali lililokosa mtu wa kulibeba ni kwa nini usafi wa lazima, wenye maabara na mkaguzi, ulikomea kwenye sehemu ya samaki inayokwenda nje.

Na mnofu wenyewe si sehemu ya bei kubwa. Iko ndani zaidi: bondo, mfuko wa hewa unaomwezesha samaki kuelea. Zamani lilitupwa au kuuzwa kwa bei ya chini. Leo mabondo yaliyokauka hukusanywa kwa mizani ya makini na kupelekwa China na Hong Kong, ambako ni kitoweo cha heshima na zawadi ya kupeana, na kilo moja ya makubwa huuzwa kwa bei ambayo kilo ya mnofu haiisogelei. Samaki ni yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba mtu fulani alijua nani analihitaji bondo na yuko wapi. Upande wa mnofu mambo yamekwenda kinyume: kuanzia miaka ya 2000 Vietnam iliijaza Ulaya kwa pangasi, samaki wa kufugwa, mweupe na wa bei rahisi, na mpishi wa Madrid akiona sangara amepanda hana sababu ya kuomboleza. Anabadilisha. Huku ziwani sangara wakubwa wamepungua, na baadhi ya viwanda vimefunga. Mwaka 2018 msako wa serikali, Operesheni Sangara, ulipochoma nyavu haramu, kilichokuwa kinalindwa, pamoja na samaki wadogo wasiotimiza sentimita 50, kilikuwa nafasi ya nchi kwenye soko linaloweza kumsahau muuzaji bila barua ya kwaheri.

Soko lingine halihitaji ndege. Nenda Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, uone magunia ya dagaa yakipakiwa kwenda Congo, Rwanda, Burundi na Zambia. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini dagaa walikuwa wameshavuka kabla ya marais kukubaliana. Mnunuzi wa Lubumbashi halindwi na maabara ya maana, na hatoi bei ya Madrid. Ila wanunuzi kama yeye ni wengi, wanakula kila siku, na hawabadilishi mboga kwa sababu Vietnam imevuna vizuri.

Hapo ndipo ningependa kuona akili ya Nyegezi ikielekezwa. Dagaa wanaovuliwa usiku wa giza kwa taa na kuanikwa mchangani hutoka na mchanga, mvua ikinyesha huoza, na sehemu yao huishia kwenye chakula cha kuku kwa bei ya chakula cha kuku. Wanaoanikwa kwenye chanja hukauka juu na chini, hubaki weupe, hufungwa kwenye pakiti na kuuzwa dukani kwa chakula cha watu. Tofauti ya bei kati ya magunia hayo mawili ni kubwa kuliko msamaha wowote wa ushuru uliowahi kujadiliwa Brussels kwa niaba ya mwanamke anayeanika dagaa. Chanja ni miti, misumari na wavu wa kutandika. Kinachomshinda ni fedha ya kununulia mara moja, kwa kuwa wakala aliyemkopesha anataka gunia lake wiki hii, likiwa na mchanga au bila mchanga.