Fangasi wa mjusi kafiri

Je, wajua kwamba kile kinyesi cha mjusi kafiri, cheusi chenye ncha nyeupe, unachokifagia asubuhi chini ya taa, kinaweza kubeba fangasi anayeota ndani ya nyama ya mtoto asiye na ugonjwa wowote? Tumezoea kusikia kwamba fangasi wa ndani ya mwili huwapata wenye kinga iliyoshuka, hasa wanaoishi na VVU. Huyu huwapata hata wenye afya tele.

Anaitwa Basidiobolus ranarum. Mwanasayansi Eidam alimweleza mwaka 1886 baada ya kumkuta kwenye kinyesi cha chura. Huishi kwenye majani yanayooza na matumboni mwa vyura, vinyonga na mijusi, na namna anavyosambaa inastaajabisha. Mbegu yake hukaa juu ya kibua kilichotuna. Kibua hujaa maji, presha hupanda, kinapasuka kwa chini, na maji yanayofyatuka huirusha mbegu hewani pamoja na kipande cha kibua. Mbegu nyingine zina gundi nchani: hunata kwa mdudu anayepita, mdudu akaliwa na mjusi.

Kwa binadamu, inadhaniwa huingia kupitia mchubuko au mtu anapoumwa na mdudu. Mwaka 1964 madaktari Burkitt, Wilson na Jelliffe walieleza wagonjwa 31 wa fangasi huyu walioonekana Uganda. Burkitt ni yuleyule wa Hospitali ya Mulago aliyeeleza saratani ya taya za watoto mwaka 1958. Na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu uvimbe anaousababisha fangasi huyu kwenye paja au tako, mgumu kama ubao na usiouma, hudhaniwa kuwa saratani. Ila ukiupapasa vizuri, kidole hupenya chini ya ukingo wake na kuuinua.

Chukua mfano wa Tabora, iliyo mbali na maabara kubwa. Mtoto mwenye uvimbe kama huu akifikishwa Hospitali ya Kitete mjini humo, kipande cha nyama kichukuliwe kwanza, kabla ya mtu yeyote kutamka saratani. Kinachopelekwa Mwanza au Dar es Salaam kuoteshwa kisiwekwe kwenye barafu. Fangasi huyu hufa kwa baridi, na majibu yatarudi kwamba hakuna kitu.

Dawa zipo: matone ya iodaidi ya potasiamu, ambayo ni ya zamani, au itrakonazoli, kwa miezi kadhaa. Mzazi aambiwe mapema asikatishe dozi uvimbe unapoanza kulainika.