Daraja la Noti ya Euro 20

Noti ya euro 20 ni ya buluu. Upande mmoja ina madirisha marefu ya Kigothiki, upande wa pili daraja la matao. Mwulize Mreno au Mfini daraja hilo liko mji gani, hatakuwa na jibu. Usimlaumu: lilipochorwa, halikuwa popote.

Robert Kalina, mchoraji wa benki kuu ya Austria aliyeshinda shindano la kusanifu noti hizo mwaka 1996, alianza na madaraja ya kweli. Yakazua tatizo. Ukiweka la Venice, Mhispania atauliza la kwao limekosa nini. Basi kila kilichotambulika kikafutwa, na tarehe 1 Januari 2002 noti zikaingia madukani zikiwa na madaraja saba ya kubuni. Hazina mfalme wala mshairi. Kenya nayo iliondoa sura za marais kwenye noti mpya za mwaka 2019, lakini iliweka jengo la KICC, ambalo hata mtoto wa Nairobi analijua. Ulaya haikuthubutu hata jengo.

Mji wa Spijkenisse, karibu na Rotterdam, ulikuja kuyajenga yote saba, madogo, ya kupita watu na baiskeli, kwa rangi zilezile za noti. Madaraja yaliyochorwa yasiwe ya taifa lolote sasa ni ya Waholanzi.

Wengi huicheka michoro hiyo. Mimi naona inayaeleza makubaliano ya Umoja wa Ulaya kwa ukweli kuliko hotuba nyingi. Mkataba wa Maastricht, uliotiwa saini Februari 1992, ulizaa mambo mawili kwa pamoja: njia ya kufikia sarafu moja, na uraia wa Umoja. Kwa uraia huo Mgiriki anaweza kuhamia Ireland, akafanya kazi na kupiga kura ya serikali za mitaa huko. Akikwama katika nchi isiyo na ubalozi wa Ugiriki, anabisha hodi ubalozi wa nchi nyingine mwanachama. Ni haki nzito, lakini hazimwambii mtu yeye ni nani. Na palipoonekana dalili kwamba zinataka kumwambia, watu waligoma. Juni mwaka huohuo Wadenmark waliukataa mkataba kwa asilimia 50.7; walirudi kuukubali mwaka 1993, baada ya kuruhusiwa kubaki na krone yao. Mkataba wa Amsterdam wa 1997 ukaongeza sentensi ya kuwatuliza wenye hofu: uraia wa Umoja hauchukui nafasi ya uraia wa taifa. Mwaka 2005 Wafaransa na Waholanzi waliipiga chini rasimu ya Katiba ya Ulaya, na katika Mkataba wa Lisbon uliofuata, ibara iliyotaja bendera na wimbo ikaondolewa. Bendera bado inapepea, na muziki wa Beethoven bado unapigwa, bila maneno. Lugha rasmi ni 24. Maneno yangekuwa ya ipi?

Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Suala la kufanana Ulaya imelikwepa kwa ustadi. Kufaana hakukwepeki. Ugiriki ilipozama katika madeni mwaka 2010, mlipa kodi wa Ujerumani aliuliza kwa nini abebe mzigo wa watu asiowajua. Mgiriki aliyepunguziwa pensheni naye aliuliza ni lini alipigia kura uamuzi wa Berlin. Wote wawili walikuwa na noti ileile mfukoni, na kila mmoja alimwona mwenzake mgeni. Miaka kumi baadaye likaja janga la korona. Julai 2020, baada ya siku nne za kuvutana mjini Brussels, viongozi walikubali kukopa kwa pamoja euro bilioni 750, sehemu kubwa ikiwa ruzuku kwa nchi zilizoumia zaidi. Walisema ni mara moja tu. Hata hivyo, anayetaka kujua kama Wazungu wa Ulaya wanajiona kitu kimoja, namshauri aangalie deni hilo kabla ya kusoma kura za maoni.

Sasa sura za watu zinabisha hodi. Januari 2025 Benki Kuu ya Ulaya ilitangaza mapendekezo mawili ya noti zijazo. La kwanza ni mito na ndege, ambao hawana pasipoti. La pili ni watu: Maria Callas, Beethoven, Marie Curie, Cervantes, Leonardo da Vinci na Bertha von Suttner. Mimi ningechagua watu, hasa kwa ajili ya Curie, aliyezaliwa Warsaw na kupata umaarufu Paris. Pendekezo hilo likipita, atakaa kwenye noti ya 20 ya sarafu ambayo Poland, nchi yake ya kuzaliwa, bado haijakubali kuitumia.