Sura ya Sita: Kazi Mbichi na Macho ya Watu

Mchoraji mmoja wa Dar es Salaam anaanza picha ya soko la samaki la Feri. Bahari imeshapakwa, ngalawa zimeshakaa mahali pake, nyuso za watu bado. Anaipiga picha turubai, anaiposti, anasubiri. Muda si mrefu mioyo inamiminika, na komenti zote zinasifu ngalawa. Yule mama wa beseni, ambaye mchoraji alimkusudia awe roho ya picha, hatajwi na mtu. Atatajwaje na hajachorwa? Jioni mchoraji anarudi kazini na kuongeza ngalawa mbili. Mama wa beseni anasogezwa pembeni, na mwishowe anamezwa na tanga.

Tukizungumzia likizo ya mitandao ya kijamii, wengi hulalamikia muda na bando. Ni kweli vinakwisha, lakini hiyo naiona hasara ndogo. Kinachomgharimu msanii ni hukumu inayomfikia kabla kazi haijajijua yenyewe.

Mwaka 2021 jarida la Nature Communications lilichapisha utafiti ulioongozwa na Björn Lindström, uliochambua posti zaidi ya milioni moja za watu zaidi ya 4,000. Ilionekana kwamba laiki zikija kwa wingi watu huposti upesi zaidi, zikipungua huchelewa, na mwenendo huo unafuata kanuni zilezile za kujifunza kwa tuzo zinazoonekana kwa wanyama wa maabara. Utafiti ule ulipima kasi ya kuposti, haukupima ubora wa kazi. Ila ukiwa umewahi kuona ukurasa wa mpiga picha aliyesifiwa kwa machweo, kisha akapiga machweo mwaka mzima, huhitaji maabara kukuambia yaliyobaki.

Mwingereza Graham Wallas, katika kitabu chake cha 1926, aligawa safari ya ubunifu katika hatua nne: matayarisho, kuatamia, mwangaza, na uhakiki. Hatua ya pili ndiyo inayoumizwa na simu. Ndipo msanii anapoliweka tatizo kando na kufanya mengine, huku akili ikiendelea nalo chinichini. Kuku anayeinuliwa kiotani kila saa ili majirani wahesabu mayai hatoi vifaranga. Zamani nafasi hiyo tuliipata bila kuitafuta: foleni ya benki, safari ya daladala kutoka Mbagala, umeme ukikatika. Leo nafasi zote hizo tunazijaza kwa kuperuzi.

Mwaka 2014 Sandi Mann na Rebekah Cadman wa Uingereza walichapisha majaribio yao juu ya uchovu wa kukosa cha kufanya, ule tunaoukimbia kwa kuperuzi. Waliwapa watu kazi ya kuchosha, kunakili namba kutoka kitabu cha simu, kisha wakawataka wataje matumizi ya vikombe viwili vya plastiki. Waliochoshwa kwanza walitaja matumizi mengi zaidi kuliko wasiochoshwa. Jaribio la vikombe si riwaya, nakubali. Hata hivyo linatoa sababu ya kutoogopa zile siku za mwanzo za likizo, mkono unapoingia mfukoni wenyewe na kukuta hakuna cha kutazama.

Mfano wa likizo hiyo unaotajwa sana ni mwanamuziki Ed Sheeran. Desemba 2015 alitangaza kwamba anaacha simu na mitandao, akasafiri, akafika hadi Ghana, ambako alifanya kazi na mwanamuziki Fuse ODG. Mfano mzuri, lakini tusidanganyane: Sheeran alikuwa na meneja, kampuni ya kurekodi na fedha benki. Fundi wa vikapu wa Tanga au mbunifu wa mavazi wa Kariakoo, ukurasa wake ndio duka. Kumwambia afute akaunti ni kumwambia afunge mlango mwezi wa sikukuu.

Kwa hiyo tenganisha duka na baraza. Oda ziende kwenye namba ya biashara, kwenye simu ndogo anayoshika mdogo wako au msaidizi, na kwenye ukurasa ibaki posti moja juu kabisa inayosema hivyo. Programu zenyewe zitoke kwenye simu unayolala nayo. Likizo isipimwe kwa kalenda. Ianze kazi inapoanza, ikome rasimu ya kwanza inapokwisha. Siku thelathini za kujinyima bila kazi mezani zitakuletea hamu tu, na utarudi kuperuzi kwa njaa.

Ukirudi, tarajia posti ya kwanza ipate laiki chache, maana wafuasi wamezoea wengine. Ndiyo sababu ni afadhali kurudi na kitu kilichokamilika. Sheeran alirudi Desemba 2016 kwa mraba mtupu wa samawati, bila neno. Tarehe 6 Januari 2017 akatoa nyimbo mbili kwa mpigo, na Machi albamu nzima ikafuata.