Nani Ampaye Mtu Nishani? Habari za Alama za Askari wa Kidachi baina ya Vita Vikuu Viwili

Neno nishani lilitujia kutoka Kiajemi, na maana yake ya asili ni alama tu. Katika Kiswahili limezidi kupewa maana ya alama ya heshima, yaani ile ambayo mwenye mamlaka humvika mtu kifuani kwa ajili ya tendo jema au la ushujaa. Lakini alama na heshima ni mambo mawili. Chuma chaweza kufuliwa na fundi ye yote. Heshima haina budi kutoka kwa mtu au watu walio na haki ya kuitoa. Ndiyo sababu habari za nishani za Wadachi baada ya vita vya 1914 hadi 1918 zafaa kuchunguzwa na walimu wa Mbulu na Hanang.

Kwanza tutazame desturi iliyo karibu nasi. Miongoni mwa Wabarabaig, walio sehemu ya Wadatoga wakaao chini ya mlima Hanang, mtu aliyemwua simba alihesabiwa kuwa shujaa. Alileta dalili ya tendo lake, akavishwa mapambo, akapita kwa jamaa zake, nao wakampa ng'ombe. Barua haikutakiwa, wala muhuri. Waliotoa heshima ni wale wale waliomjua mtu na kuona dalili kwa macho yao, na ng'ombe waliotoa walikuwa mali yao wenyewe. Hivyo heshima ile haikuweza kununuliwa.

Huko Ujerumani mambo yalikuwa mengine. Mfalme wao alipoondoka mwaka 1918, jeshi lake lilivunjika, na kwa mapatano ya Versailles ya mwaka 1919 askari wa nchi walipunguzwa wasizidi 100,000. Hapo yalitokea majeshi ya hiari, yaitwayo kwa Kidachi Freikorps. Wengi wao walikuwa askari wa zamani, nao walipigana na Wapolandi katika Silesia, na Wabolsheviki katika nchi za Baltiki, hata na wafanya kazi wa miji yao wenyewe.

Watu hawa walitaka nishani. Lakini sheria kuu ya Ujerumani, iliyotolewa mwezi wa Agosti 1919, ilisema katika kifungu cha 109 kwamba serikali haina ruhusa ya kutoa nishani. Wakuu wa vikosi walijitengenezea alama zao. Jenerali von Friedeburg, mkuu wa jeshi la sita huko Breslau, aliweka Tai wa Silesia mwezi wa Juni 1919: daraja la pili kwa aliyetumika miezi mitatu, na daraja la kwanza kwa aliyetumika miezi sita. Wadachi wa Baltiki nao waliweka Msalaba wa Baltiki mwaka ule ule. Vikosi vingine vikafuata, hata alama zikawa nyingi sana. Kila moja ilikuwa na cheti na sahihi ya mkuu fulani. Wala hakuna hata moja iliyokuwa na idhini ya dola.

Hitler alipotawala, jambo hili likageuzwa. Sheria ya tarehe 7 Aprili 1933 iliirudishia serikali haki ya kutoa nishani. Tarehe 13 Julai 1934 Rais Hindenburg aliweka Msalaba wa Heshima wa Vita Vikuu, ulio wa namna tatu: wenye panga kwa waliopigana, usio na panga kwa waliotumika pasipo kupigana, na wa tatu kwa wajane na wazazi wa waliokufa. Mwaka 1935 serikali ilichagua katika alama za majeshi ya hiari chache tu zilizoruhusiwa kuvaliwa, miongoni mwao Tai wa Silesia na Msalaba wa Baltiki; nyingine nyingi zikakataliwa. Mwaka 1936 zikahesabiwa rasmi na alama za chama cha Hitler chenyewe. Kwa hiyo mtu aliyefanya ghasia mjini Munich mwaka 1923, akahesabiwa mhalifu mbele ya sheria, sasa alivikwa nishani kwa tendo lile lile. Tendo halikubadilika, aliyebadilika ni mwenye mamlaka.

Habari hizi hazikuwa mbali na nchi yetu. Waingereza waliwaruhusu Wadachi kurudi Tanganyika tangu mwaka 1925, na wengi walilima kahawa huko Oldeani, iliyokuwa katika wilaya ya Mbulu ya wakati ule, nayo sasa imo katika wilaya ya Karatu. Katika miaka ya 1930 chama cha Hitler kilipata wafuasi wengi miongoni mwa walowezi hao, hata vita vilipoanza Septemba 1939 serikali ya Kiingereza ikawakamata.

Lakini askari Mwafrika aliyepigana chini ya bendera ya Kidachi alipata nini? Jibu laonekana katika maisha ya Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, jina lake la kwanza Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa askari, naye mwenyewe aliingia vitani angali mtoto, akajeruhiwa Mahiwa mwaka 1917. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara iliyosalia, yake na ya baba yake. Akaambiwa kwamba muda umepita. Alikaa huko, akawa mtumishi wa mkahawa na msaidizi wa kufundisha Kiswahili. Mwaka 1934 aliomba Msalaba wa Heshima, akanyimwa. Hata hivyo alionekana amevaa nishani alizojipatia mwenyewe. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke Mzungu, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen pasipo hukumu ya mahakama, akafa huko tarehe 24 Novemba 1944.

Tupime basi. Mtu wa ghasia za Munich alikuwa na alama na idhini. Husen alikuwa na jeraha la vita, lakini idhini hakupewa. Sheria ilimtambua wa kwanza, ikamkana wa pili. Lakini baadaye, kwa sheria ya Ujerumani ya Magharibi ya mwaka 1957, alama za chama cha Hitler hazikuruhusiwa tena kuvaliwa. Naye Husen aliwekewa jiwe la ukumbusho mjini Berlin mwaka 2007.

Huenda siku moja mwalimu akaletewa na mzee nishani kuukuu iliyotoka katika sanduku la babu. Asiulize tu chuma hiki ni cha nani na thamani yake ni ngapi. Aulize maswali matatu: ni nani aliyeitoa, kwa tendo gani, na ni nani aliyenyimwa kwa tendo lile lile? Swali la tatu husahauliwa mara nyingi, nalo ndilo lifunualo zaidi tabia ya mtoaji. Kisha amwombe mzee asimulie, naye aandike jina na kijiji kabla habari haijapotea. Kwa maana cheti huoza na sheria hubadilishwa. Na yule ambaye serikali ilimnyima alama hana shahidi mwingine ila wale wamkumbukao.