Kwa Nini Askari Hakuruhusiwa Kuwa Mwamuzi wa Gacaca

Ndugu wasikilizaji, wanajeshi mlioko makambini na askari polisi mlioko vituoni. Maoni yetu ya leo yaeleza jambo la sheria ambalo lawahusu ninyi moja kwa moja. Mwaka 2001 wananchi wa Rwanda walijichagulia waamuzi wa mahakama za Gacaca. Mkulima aliweza kuchaguliwa, na mjane wa kijijini vilevile. Askari aliye kazini hakuweza. Kwa nini?

Kwanza yafaa tukumbuke chanzo chake. Baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, magereza yalijaa watuhumiwa zaidi ya 100,000, na mahakimu wengi walikuwa wameuawa au wameikimbia nchi. Ilikuwa dhahiri kwamba mahakama za kawaida zisingeyamaliza mashauri hayo katika umri wa binadamu mmoja. Hivyo serikali ikaurejea utaratibu wa zamani wa majirani kukaa juu ya nyasi na kuamua magomvi yao, ikaupa nguvu ya sheria mwanzoni mwa mwaka 2001.

Mwezi Oktoba wa mwaka huo walichaguliwa waamuzi zaidi ya 250,000. Waliitwa Inyangamugayo, maana yake watu waadilifu, wauchukiao uovu. Uchaguzi wao haukuwa wa vyama. Hapakuwa na bendera wala ahadi ya mshahara. Majirani walilitaja jina la mtu hadharani, na aliyejua doa lake alikuwa na nafasi ya kulisema.

Sheria ya Gacaca ya mwaka 2004 ilizieleza sifa za mwamuzi: awe Mnyarwanda mwenye umri usiopungua miaka 21, msema kweli, asiyeshiriki mauaji hayo, asiye na roho ya ubaguzi. Haikudai shahada ya sheria. Lakini iliwazuia watu wa aina kadhaa: mwanasiasa, mtawala wa serikali, hakimu wa kazi, na pamoja nao mwanajeshi au askari polisi aliye bado katika utumishi. Kizuizi hicho kiliiandama kazi, hakikumwandama mtu. Aliyekwisha kuacha utumishi hakuzuiwa kwa sababu hiyo.

Wala hapana tusi ndani yake. Askari huishi kwa amri. Mkubwa wake akisema, yeye hutii, na hiyo ndiyo sifa yake. Mwamuzi, kinyume chake, hapaswi kuwa na mkubwa wa kumwambia nani ana hatia. Tena, Gacaca ilitegemea ushahidi wa majirani. Mwaka 1994 walikuwamo wanajeshi na majandarmu walioua raia waliopaswa kuwalinda. Je, mama aliyeyaona hayo angesema yote aliyo nayo moyoni mbele ya mwamuzi mwenye cheo begani? Penye hofu, ushahidi hupungua, na hukumu hupotoka.

Hata hivyo, kazi ya askari katika haki hiyo ilikuwa kubwa. Wapo manusura na mashahidi waliotishwa, na wapo waliouawa kwa sababu ya ushahidi wao. Sheria ililifanya tishio dhidi ya shahidi au mwamuzi kuwa kosa lenye adhabu ya kifungo. Lakini sheria iliyoandikwa haimlindi mtu usiku njiani. Anayemlinda ni askari aliye macho.

Hatuna budi kusema pia kwamba uchaguzi peke yake hauleti haki. Maelfu ya waamuzi waliondolewa baada ya wao wenyewe kutajwa kuwa watuhumiwa. Wapo pia waliolalamika kwamba washtakiwa hawakuwa na mawakili, na kwamba baadhi ya waamuzi walipokea rushwa. Pamoja na kasoro hizo, mahakama za Gacaca zilipofungwa rasmi tarehe 18 Juni 2012, zilikuwa zimeamua mashauri yanayokaribia milioni 2.

Nchi nyingine nazo huwachagua waamuzi bila vyama. Katika majimbo ya Minnesota na Washington, huko Marekani, jina la mgombea ujaji huandikwa kwenye karatasi ya kura bila jina la chama. Tofauti ni kwamba huko mgombea sharti awe mwanasheria, naye huomba kura kwa kampeni. Shabaha ni moja: mwananchi asimwogope mwamuzi kwa kuwa ni mtu wa kundi fulani.

Hapa Rwanda fikira hiyo iliendelea kwa Abunzi, yaani wapatanishi. Sheria ya mwaka 2016 iliweka kamati ya watu 7 waadilifu, wanaochaguliwa na baraza la seli au la sekta kwa kipindi cha miaka 5, wakifanya kazi ya kujitolea. Huko hupelekwa ugomvi wa mpaka wa shamba, wa urithi, wa deni.

Ndugu askari, nawe una shamba nyumbani, na huenda siku moja ukaitwa mbele ya wapatanishi hao. Siku hiyo uwe raia kama jirani yako. Cheo chako kisitajwe, na sare yako isimtishe mtu. Ukishinda shauri kwa namna hiyo, hata uliyemshinda atajua kwamba umeshinda kwa haki.