Kadi ya RAID Inapougua: Namna ya Kuipima Seva Kabla ya Kupoteza Kumbukumbu za Umma

Na Mwandishi Wetu

Katika chumba cha seva cha taasisi moja ambayo haina haja ya kutajwa hapa, fundi alikuta taa mbili za rangi ya kaharabu zikiwaka kwenye safu ya diski sita. Mfumo wa malipo ulikuwa umesimama tangu usiku, wananchi walikuwa wamepanga foleni dirishani, na simu ya mkuu wa kitengo haikuacha kuita. Fundi aliizima seva, akaiwasha tena. Kioo kikamwuliza: usanidi wa kigeni uliopatikana kwenye diski uingizwe au ufutwe? Neno “kigeni” lilimtia shaka. Akachagua kufuta.

Mwandishi wa makala haya alikuwepo siku hiyo. Diski zote mbili zilizoonekana kufa zilikuwa nzima. Kilichokuwa kimelegea ni waya mmoja unaoziunganisha na kadi. Laiti swali lile lingejibiwa kwa utulivu, foleni ingeanza kusogea kabla ya saa sita mchana.

Ili kuelewa kosa hilo, ni vyema kufahamu kadi yenyewe hufanya kazi gani. Mwaka 1988 wanasayansi watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambao ni David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walichapisha andiko lililopendekeza kwamba diski nyingi za bei nafuu, zikipangwa kwa ustadi, zinaweza kufanya kazi ya diski moja kubwa ya bei ghali, na kuendelea kutoa huduma hata moja inapokufa. Mpango huo ndio RAID. Katika RAID 1, kila taarifa huandikwa mara mbili, kwenye diski mbili. Katika RAID 5, taarifa husambazwa kwenye diski zote pamoja na hesabu ya ziada iitwayo pariti, ambayo kwayo yaliyomo kwenye diski moja iliyokufa hukokotolewa upya. RAID 6 huweka hesabu mbili, hivyo huvumilia vifo viwili. RAID 10 huunganisha jozi za nakala.

Kazi hiyo inaweza kufanywa na mfumo endeshi, lakini katika seva nyingi hufanywa na kadi maalumu yenye kichakato chake, kumbukumbu yake na programu dhibiti yake. Mfumo endeshi hauzioni diski sita. Huona diski moja tu kubwa ambayo kadi imeutengenezea. Hapo ndipo ugumu wa uchunguzi unapoanzia, kwa sababu ugonjwa hufichwa nyuma ya pazia. Mfumo hulalamika kwamba “diski” ina hitilafu, ilhali mhusika anaweza kuwa kadi, betri, waya, ubao unaoshika diski, umeme au joto.

Hatua ya kwanza, kwa hiyo, ni kusoma, na si kushika bisibisi. Kadi hutunza kumbukumbu ya matukio yake ndani yake yenyewe. Kwa kadi za MegaRAID chombo cha kuisomea huitwa storcli. Kwa kadi za PERC zilizomo katika seva za Dell ni perccli. Kwa Smart Array za HPE ni ssacli. Na kwa Adaptec ni arcconf. Amri kama “storcli /c0 show all” huonesha hali ya kadi, betri, safu na kila diski. Kumbukumbu hiyo inakiliwe mahali pengine kabla ya kitu chochote kubadilishwa, kwa kuwa baada ya seva kuwashwa na kuzimwa mara kadhaa huwa vigumu kutenganisha dalili za awali na zile zilizoletwa na fundi mwenyewe.

Katika orodha ya diski kuna hesabu mbili za makosa ambazo wengi huzipita. Moja huhesabu makosa ya sehemu ya kuhifadhia data, yaani diski imeshindwa kusoma au kuandika mahali fulani. Nyingine huhesabu makosa mengineyo, na hii mara nyingi hupanda kwa sababu ya mawasiliano mabovu kati ya kadi na diski. Hesabu ya kwanza ikipanda kwenye diski moja, diski hiyo ishukiwe. Hesabu ya pili ikipanda kwenye diski kadhaa zinazotumia waya mmoja, kununua diski mpya ni kutupa fedha za walipa kodi. Anayetaka ushahidi zaidi anaweza kuiuliza diski moja kwa moja kupitia kadi kwa programu ya smartctl, akitaja namba ambayo kadi imeipa diski hiyo.

Diski mbili zinapotoka katika sekunde ileile, akili ya kawaida inakataa kuamini kwamba zimekufa pamoja. Waya, ubao au umeme vichunguzwe kwanza. Hata hivyo, zipo nyakati ambapo vifo vya pamoja ni vya kweli. Novemba 2019 kampuni ya HPE ilitangaza kwamba baadhi ya diski zake za SSD, kutokana na kosa katika programu dhibiti, zingekufa zikitimiza saa 32,768 za kufanya kazi, yaani miaka mitatu, siku 270 na saa nane, na kwamba data isingeweza kurejeshwa kutoka kwenye diski hizo. Seva iliyofungwa diski za aina hiyo kwa siku moja ingezipoteza karibu zote kwa pamoja, na hakuna kadi ya RAID ambayo ingeiokoa. Kusasisha programu dhibiti, ya kadi na ya diski, si pambo.

Jambo linalohitaji uangalifu kuliko yote ni pale diski mbili za RAID 5 zinapotoka kwa nyakati tofauti. Tuseme diski ya tatu ilitoka Jumatatu na hakuna aliyeiona taa. Safu ikaendelea kufanya kazi kwa udhaifu hadi Alhamisi, ilipotoka diski ya tano na kila kitu kikasimama. Diski ya tatu ina taarifa za Jumatatu. Fundi akiilazimisha kurudi kazini, kadi itachanganya taarifa za Jumatatu na za Alhamisi, na safu itawaka kijani huku hifadhidata ikiwa imeoza ndani. Inayopaswa kujaribiwa kurudishwa ni ile ya mwisho kutoka, yaani ya tano. Ya tatu husubiri ijengwe upya, au ibadilishwe kabisa. Mpangilio huo wa nyakati haupatikani popote isipokuwa kwenye kumbukumbu ya matukio, na ndiyo sababu ya kuanza kwa kusoma. Kabla ya jaribio lolote la namna hiyo, inashauriwa kunakili kila diski nzima kwenye diski nyingine, ili kosa likitokea pawepo pa kurudia.

Kuhusu usanidi wa kigeni: kila diski hubeba maelezo ya safu inayomiliki diski hiyo. Kadi ikikutana na diski yenye maelezo yasiyolingana na yale inayoyajua, huiita ngeni. Hili hutokea kadi ikibadilishwa, diski zikihamishwa kutoka seva nyingine, au diski ikitoka na kurudi kwa sababu ya waya. Kuingiza ni kuiambia kadi iyakubali maelezo hayo. Kufuta ni kuyaondoa. Kadi nyingi huruhusu kuyatazama kwanza kabla ya kuamua, na ni vigumu kupata sababu ya kutofanya hivyo. Tahadhari ya diski iliyochelewa, iliyoelezwa hapo juu, inahusika hapa pia.

Malalamiko mengine hayahusu kupotea kwa data bali polepole. “Mfumo umekuwa mzito” ni sentensi inayosikika katika kila ofisi, na lawama huenda kwa mtandao. Mara nyingi mhusika ni betri ndogo ya kadi. Kadi huharakisha uandishi kwa kupokea data kwenye kumbukumbu yake ya muda, kuujulisha mfumo kwamba kazi imekamilika, kisha kuiandika diskini kwa nafasi yake. Umeme ukikatika kabla data haijafika diskini, betri huilinda. Kadi za miaka ya karibuni hutumia kapasita inayotoa nguvu ya kutosha kuihamishia kwenye kumbukumbu ya kudumu. Betri ikizeeka, kadi huacha utaratibu huo na kuandika moja kwa moja diskini. Huo ni uamuzi wa busara, lakini hifadhidata hulegea ghafla. Betri za zamani pia hujipima zenyewe kila baada ya wiki kadhaa kwa kujimaliza chaji na kujaza tena, na uzito huonekana kwa saa chache kisha hutoweka, jambo linalowachanganya wengi. Kuna wanaoilazimisha kadi iendelee kuharakisha hata betri ikiwa imekufa. Katika jengo ambalo umeme hukatika bila taarifa, uamuzi huo haufai kufanywa na fundi peke yake.

Joto halihitaji maneno mengi. Kadi hizi zimeundwa kwa ajili ya upepo mkali wa feni za seva. Ikifungwa kwenye kompyuta ya mezani bila feni, hupata moto na kuanza kutoa makosa yasiyo na mpangilio.

Kadi mpya au iliyokwishatumika ipimwe kabla haijakabidhiwa data ya mtu. Ifungwe kwenye seva ya majaribio pamoja na diski zisizo na kitu, programu dhibiti isasishwe, safu ya RAID 5 au 6 iundwe, kisha iandikwe na kusomwa mfululizo kwa siku nzima kwa chombo kama fio, kikiwekwa kuhakiki kwamba kinachosomwa ndicho kilichoandikwa. Wakati kazi ikiendelea, diski moja ichomolewe. Kengele ilie, ujumbe ufike kwa anayepaswa kuupata, na diski mpya ikiwekwa ujenzi uanze. Muda wa ujenzi uandikwe: diski ya terabaiti 8 inayoandikwa kwa megabaiti 150 kwa sekunde huchukua takribani saa 15 hata bila kazi nyingine, na katika saa hizo RAID 5 haina ulinzi wowote. Kwa diski za ukubwa huo, mwandishi hushauri RAID 6.

Ni muhimu pia kukumbuka kwamba RAID si nakala rudufu. Faili likifutwa kimakosa hufutwa kwenye diski zote kwa uaminifu uleule. Nayo diski iliyotolewa kama mbovu bado ina taarifa za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haiachi kuzilinda kwa sababu tu taa ilikuwa ya kaharabu.

Katika taasisi ile, waya ulibadilishwa alasiri hiyohiyo. Usanidi ulikuja kuundwa upya na wataalamu wa kuokoa data baada ya wiki tatu. Malipo ya siku nne za mwisho hayakupatikana, na yaliingizwa tena kwa mkono, stakabadhi moja baada ya nyingine, kutoka kwenye nakala ambazo wananchi waliombwa kuzirudisha.